Nilichagua njia fupi ya Bugarama, kisha nikamtuhumu mlinzi kuninyonyea mafuta

Kosa litakaloanikwa katika uzi huu linaitwa ujuaji, na mwenye kosa ni mimi ninayeandika.

Nimeona nilitaje mapema, kabla hata ya salamu, kwa sababu nimekuwa mwepesi wa kutaja makosa ya wengine humu jukwaani, na baadhi yenu mmepata kuonja ukali wa kalamu yangu. Leo kalamu hiyo inanigeukia.

Wakuu, nawasalimu kutoka Kamembe, Rusizi. Nitakayoyasimulia yamenitokea mimi mwenyewe. Sikuyatia chumvi, na pale ambapo ukweli unaniaibisha sikuuruka.

Kwanza mpate picha.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, umri umevuka hamsini. Naishi Kamembe, nafundisha sekondari moja huko Bugarama, chini kwenye mashamba ya mpunga. Kila siku ya kazi nashuka asubuhi na kupanda jioni. Asiyepajua aelewe jambo moja tu: Kamembe iko juu, kando ya ziwa, na asubuhi huwezi kutoka bila koti, Bugarama iko bondeni, na koti hilo utalivua kabla hujafunga mlango wa gari. Katikati ni milima.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni ya lami, ndefu, inazunguka upande wa Nzahaha. Ya pili ni ya vumbi, inakata ndani upande wa Gitambi, nayo ni fupi kuliko ya lami kwa kilomita nane kwenda na nane kurudi.

Miaka yote nilipita lami.

Mwanzoni mwa muhula uliopita nikakaa na ramani ya simu, nikazigundua hizo kilomita nane. Nikapiga hesabu: kumi na sita kwa siku, themanini kwa wiki. Nikajiona nimekuwa mpumbavu kwa muda mrefu, nikaapa kuacha upumbavu huo siku ileile.

Laiti ningeishia hapo. Nilisimama katika ofisi ya walimu nikatoa hotuba kuhusu ubadhirifu. Nikaandika uzi humu jukwaani kuwashangaa watu wanaozunguka milima bila sababu. Wengine mliupigia makofi. Siwalaumu, nilikuwa nimeuandika vizuri.

Gari langu ni Carina ya zamani, gia za mkono, injini ndogo. Nilikuwa nikilijua kama mtu anavyomjua mke wake, au niseme nilidhani hivyo: lita nane kwa kila kilomita mia. Njia fupi, kwenda na kurudi, ni kilomita sitini na nne. Kwa hiyo nilitarajia litumie lita tano na kidogo kwa siku.

Likawa linatumia karibu nane.

Wiki ya kwanza nikasema labda kituo cha mafuta kimepunja. Nikabadili kituo. Wiki ya pili mambo yakawa yaleyale. Zaidi ya lita mbili na nusu zilikuwa zinapotea kila siku, na mimi nilikuwa na hesabu kamili mkononi kuthibitisha hivyo.

Kulikuwa na maelezo mawili. Ama nimekosea njia, au naibiwa.

La kwanza halikunijia kichwani hata kwa bahati mbaya.

Gari langu hulala kwenye kiwanja cha Maman Odette, mama mmoja mfanyabiashara anayekodisha nafasi za magari nyuma ya duka lake la vitenge. Tuko watano au sita tunaolaza magari pale. Geti lina mlinzi. Huku kwetu mlinzi tunamwita zamu, na mimi kwa miaka mitatu nilimwita hivyo: Zamu, fungua. Zamu, nitazamie gurudumu. Zamu, asante.

Alhamisi moja alasiri niliingia pale, nikamkuta amekwenda kuchota maji. Mlango wa kibanda chake ulikuwa wazi. Nyuma ya mlango ulining'inia mpira wa plastiki, mrefu kama mtu, umekunjwa vizuri.

Kila mwenye gari anajua mpira wa namna hiyo unafanya nini. Unautumbukiza kwenye tangi, unavuta kwa mdomo, mafuta yanajaa kwenye kidumu.

Sikumwuliza ni wa nini. Nilikwenda moja kwa moja dukani kwa Maman Odette, nikamweleza yote, pamoja na mahesabu.

Alinisikiliza huku akikunja kitenge. Kisha akasema, "Mwalimu, uko na hakika?"

"Nina hesabu, Maman."

"Mi nakuomba hakika, weye unanipa hesabu."

Nikamwambia kwamba hesabu ndiyo hakika ya mtu aliyesoma. Hakubishana. Alisema atawaita wenye magari Jumamosi asubuhi, na kama ni kweli zamu ataondoka siku hiyohiyo.

Nikajitolea kuandika barua ya kumfukuza.

Hapa niwaeleze uzito wa barua hiyo, kwa sababu ndiyo kiini cha mkasa wote. Mji wetu ni mdogo. Mlinzi akifukuzwa kwa maneno, atapata geti jingine wiki inayofuata. Akifukuzwa kwa barua yenye neno "wizi", na nakala ikaenda kwa kiongozi wa mtaa, hakuna duka, ghala wala parikingi itakayomfungulia mlango. Zamu anauza kitu kimoja tu, nacho ni kuaminika. Nilikuwa naenda kukifuta kwa aya tatu.

Niliiandika Ijumaa baada ya swala. Ilikuwa barua nzuri. Niliisoma mara mbili kwa sauti nikaridhika na mtiririko wake. Nafasi ya jina lake niliiacha wazi, maana sikulijua. Nilipanga kumwuliza palepale kikaoni.

Jumamosi tukakutana kiwanjani: Maman Odette kwenye kiti, mimi na karatasi zangu, na Papa Idi, muuza viatu sokoni, ambaye pikapu yake hulala jirani na gari langu. Wengine walituma salamu kwamba tutakalokubaliana wao wamo.

Nikasoma mahesabu yangu yote. Nilipofika kwenye lita mbili na nusu, Papa Idi akanikatiza.

"Mwalimu, hii gari yako labda iko na mimba. Inakulia wawili."

Maman Odette akacheka. Mimi sikucheka.

Zamu alikuwa amesimama, kofia mkononi. Ni mtu wa rika langu, pengine amenizidi kidogo, asili yake Nkanka. Mkono wake wa kushoto una vidole viwili vilivyokatika kwenye viungo vya kwanza. Alikuwa amesikia kila neno. Nilitazamia aape, alie, au anitukane. Kwa yote matatu nilikuwa na jibu.

Aliniuliza swali.

"Mwalimu, siku hizi unapitaka njia gani?"

Nikamwambia njia haihusiki.

"Inahusika. Unapita Gitambi?"

"Napita Gitambi. Ni fupi."

Papa Idi akapiga kofi kwenye paja. "Ehee! Unaona sasa!"

"Tulia, Papa Idi," Maman Odette akasema. "Acha muntu aseme."

"Mwalimu," zamu akaendelea, "mi nilikuwaka tandiboi miaka kumi na moja, ku lori ya simenti. Ile njia ya Gitambi naijua na hii mukono." Akauinua ule wa vidole pungufu. "Fupi iko fupi. Lakini iko nakunywa."

Tandiboi, kwa wasiolijua neno, ni msaidizi wa dereva wa lori. Anafunga mzigo, anabadili matairi, na zaidi ya yote anashika kabari: kipande kizito cha mti. Lori likishindwa mlimani, tandiboi anaruka kabla halijaanza kurudi nyuma, anaitia kabari chini ya gurudumu, dereva anapumua, wanajaribu tena. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na vidole huondokea humo.

Nilihisi kikao kinaniponyoka. Nikainuka, nikaenda kibandani, nikatoka na ule mpira nikiwa nimeuinua juu kama wakili mwenye ushahidi.

"Na huu?"

Maman Odette akasema kwa upole, "Mwalimu, ile mupira ni yangu. Ni ya kumwangilia maua."

Wakuu, ungekuwa wakati mzuri wa kuketi. Mimi nikajibu kwamba maua yanaweza kumwagiliwa kwa ndoo.

Hata Papa Idi alitazama pembeni.

Zamu akamgeukia Maman Odette. "Maman, munipe siku mbili. Nitapanda na Mwalimu ku gari. Siku ya kwanza njia yake, siku ya pili lami. Tutajaza esansi asubuhi, tutajaza magaribi, gari hailale katikati. Kama ni sawasawa, mi natoka mwenyewe, na barua mutume kwenye munataka."

"Na kama haiko sawasawa?" Maman Odette akauliza.

Zamu akavaa kofia yake. "Mwalimu atajua la kufanya. Amesoma."

Maman Odette akanyoosha mkono. Nikampa barua. Akaikunja, akaitia kwenye kibeti. "Hadi Jumanne magaribi," akasema.

*

Nimerudi, wakuu. Adhana ilinikatiza.

Naona kuna aliyeandika hapo chini kuuliza kwa nini mtu mzima mwenye shahada hakupima njia zote mbili mwenyewe kabla ya kumtia mwenzake hatiani. Ndugu yangu, swali lako ni la haki, na nimekaa nalo wiki sita. Sikupima kwa sababu nilikwisha kujua. Ndiyo maana nikaliita ujuaji pale juu wala sikuliita ujinga. Mjinga angeuliza.

Naendelea.

Jumatatu asubuhi tulikuwa kwenye kituo cha mafuta kabla ya msongamano. Nilidhani tutajaza tu na kuondoka. Zamu akashuka, akatazama sakafu, akaniomba nisogeze gari hadi magurudumu ya mbele yakanyage ufa uliokuwa kwenye saruji.

"Hapa pako na mteremuko," akasema. "Magaribi turudie hapahapa, gari ikitazama hukohuko. Bila vile, unapima sakafu."

Mafuta yakapanda hadi pampu ikajikata. Zamu akaegemeza bega kwenye gari, akalitikisa mara tatu. Tangi likatoa mlio kama mtu aliyeshiba. "Hewa inajifichaka," akasema, akamwashiria dada wa pampu aongeze taratibu hadi mafuta yaonekane shingoni.

Dada yule akakunja uso. "Ba mzee, munataka kuikunywesha ao kuiogesha?"

"Kuikunywesha, binti. Leo inaenda ku kazi ngumu."

Tukashika njia ya Gitambi.

Hakuzungumza sana. Alikaa mbele na mimi, macho barabarani, mkono kwenye kitasa cha mlango. Tulipoteremka hadi daraja la kwanza na kuanza kupanda upande wa pili, akasema neno moja.

"Hapa."

Nikauliza hapa pana nini.

"Hapa nilitiaka kabari."

Mkono wangu ulikuwa kwenye gia ya kwanza.

Tukafika juu, tukateremka tena, tukavuka kijito, tukapanda. "Hapa." Gia ya kwanza. Asubuhi ile alilitamka neno hilo mara nne, na hiyo ilikuwa safari ya kushuka.

Jioni tuliporudi nikaanza kukasirika. Aliposema "hapa" ya tatu, niliamua kumkanusha: nikabaki gia ya pili, nikakanyaga mafuta. Gari likatetemeka kama mgonjwa wa malaria, likazima. Likaanza kurudi nyuma.

Kabla mkono wangu haujafika kwenye breki ya mkono, mlango wake ulikuwa wazi. Mtu wa rika langu, nasema tena, rika langu. Aliruka, nikasikia jiwe likisugua chini, na gari likasimama tuli.

Nilitoka nikamkuta amechuchumaa nyuma ya gurudumu, kiganja bado kwenye jiwe. Kando ya barabara mama mmoja aliyebeba ndizi alikuwa amesimama, ameshika kifua.

"Pole, Mwalimu," zamu akaniambia. Yeye ndiye aliyenipa pole.

Nikamwuliza kuhusu vidole. Sijui kwa nini nilichagua wakati ule.

"Kona inayofuata," akasema. "Siku ile mvua ilikuwa imenyesha, kabari ikateleza. Twende, jua linazama."

Hadi tunaingia mjini alikuwa amesema "hapa" mara saba. Nne na saba ni kumi na moja.

Miaka ishirini na mitano, wakuu, nimewafundisha watoto wa watu kusoma mistari ya kontua. Nimewachapia mitihani. Nimewaambia kwamba umbali kwenye karatasi si umbali kwenye ardhi, na nimewanyima alama waliosahau. Jioni ile ndipo nilipoelewa kwamba njia yangu fupi ilikuwa inapanda mlima, inautupa, inashuka chini kabisa, kisha inaupanda upya. Kilima kilekile nilikuwa nakipanda mara tatu na kujisifu kwa kupunguza kilomita.

Kituoni, kwenye ufa uleule, baada ya kutikisa na kuongeza, pampu ilisimama kwenye lita saba nukta nane.

Zamu akafunga kifuniko cha tangi. Mimi nikasema, "Tungoje kesho." Bado nilikuwa na tumaini la kushinda. Naona aibu kuliandika, lakini niliahidi kutoruka.

Jumanne asubuhi tukajaza tena kwenye ufa uleule, kisha tukapita lami.

Kwenye mteremko wa kwanza nikataka kutoa gia ili gari liteleze lenyewe, kama nilivyozoea. Akanizuia. "Acha gia ishike, toa muguu ku mafuta. Mulima utaibeba gari, na breki zitapona." Nikafanya hivyo. Tulishuka kilomita nyingi mguu wangu ukiwa umepumzika.

Gari nililiegesha mbele ya dirisha la darasa langu, kama nilivyofanya Jumatatu, ili baadaye nisije kumtafuta mwizi mwingine.

Kengele ya mwisho ilipolia nikatoka na funguo. Zamu alikuwa kivulini, akaniashiria kwa mkono nisubiri. "Hii saa lori za simenti zinapanda. Ukiingia nyuma yazo, utapanda na gia ya kwanza hadi Kamembe. Ngoja zitangulie."

Nikarudi ndani nikasahihisha madaftari kwa nusu saa. Tulipoondoka barabara ilikuwa tupu.

Lami ile inapanda, lakini inapanda kwa adabu. Inauzunguka mlima badala ya kuurukia. Ukishakipata kimo hukirudishi. Gia ya tatu ilinitosha sehemu kubwa ya njia. Zamu akasema "hapa" mara moja, kisha mara ya pili, na tulipofika maeneo ya Nzahaha sikumsikia tena.

Nikamtazama.

Alikuwa amelala. Kofia magotini, mdomo wazi kidogo, kichwa kinagonga kioo kwenye kila kona.

Nilifadhaika. Mtu huyu, baada ya saa moja, ama angebaki na kazi na jina lake, ama angeondoka na barua ya wizi. Na amelala. Jana, katika njia yangu, hakupepesa hata jicho.

Alizinduka tulipofika kwenye taa za kwanza za mji. Akajifuta mdomo kwa aibu kidogo. Nikamwuliza, nadhani kwa ukali, kama hajali matokeo.

"Tandiboi halalake ku njia mubaya, Mwalimu," akasema. "Nikisinzia, ujue gari iko natembea vizuri."

Hapo nilijua. Pampu ilikuwa bado, lakini nilijua.

Tukapanga magurudumu kwenye ufa. Tukatikisa. Namba zikapanda, zikapunguza mwendo, zikasimama: lita sita nukta moja. Njia ndefu, kilomita themanini kwenda na kurudi, na lita sita nukta moja.

Nilimwomba dada wa pampu aongeze kidogo, labda hewa imejificha. Akanitazama, akaongeza. Mafuta yakafurika, yakanimwagikia kwenye kiatu.

"Mzee," akasema, "hata kiatu kimeshiba."

Zamu ndiye aliyeanza kucheka. Kisha dada yule. Na mimi, wakuu, nikiwa nimesimama pale nanuka mafuta, nikacheka hadi machozi yakanitoka.

Kwa maana jambo ambalo sikulitegemea lilinijia: nilipata nafuu. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikiingia kiwanjani pale kama mtu anayeingia kwa adui. Nilikuwa nikinusa hewa, nikikagua kifuniko cha tangi, nikichunguza macho ya mtu anayenifungulia geti. Sasa hakukuwa na mwizi. Hakuwahi kuwapo. Na barua ilikuwa bado kwenye kibeti cha Maman Odette, haijafika kwa mtu yeyote. Nilikuwa nimesimamishwa ukingoni kabisa, kama gari lile lilivyosimamishwa na jiwe.

Tukaenda dukani moja kwa moja. Papa Idi alikuwa ameketi kwenye ngazi, anajifanya amepita tu.

Nilianza kuomba radhi. Nilianza vibaya. Nilisema kwamba kutokana na mazingira yaliyokuwapo, na endapo maneno yangu yalieleweka tofauti na nilivyokusudia...

"Mwalimu," Maman Odette akanikata, "sema Kiswahili ya batu."

Nikamgeukia zamu. "Nilikusingizia. Hukuniibia. Unisamehe."

Alivua kofia yake, akaikung'uta.

"Nimesikia," akasema. "Kesho upite lami."

"Na ukimaliza," Papa Idi akadakia, "utupe ile hotuba ya kilomita nane. Tuliikosa."

Maman Odette akafungua kibeti, akatoa barua, akaikunjua. Akaisoma hadi mwisho, midomo ikisogea. Kisha akanirudishia, kidole chake kikiwa kwenye ile nafasi niliyoiacha wazi.

"Hii karatasi haiko na jina. Ulitaka kumufukuza nani?"

Nimeulizwa maswali mengi na wakaguzi, na wazazi, na wanafunzi wajanja. Hakuna lililoniaibisha kama hilo. Miaka mitatu mtu amenifungulia geti asubuhi na jioni.

"Habari imeisha kuingia sokoni," Maman Odette akaendelea. "Batu wanasema zamu wangu ni mwizi wa esansi. Weye ndiye uliandika vizuri. Sasa andika tena."

Akanisukumia kalamu juu ya kaunta ya vitenge. Nikamwuliza zamu jina lake. Akanitajia silabi kwa silabi, polepole, na mimi nikaandika kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nikimwuliza kila baada ya herufi chache kama nimepatia.

Barua hiyo sasa iko kwenye geti, ndani ya mfuko wa plastiki. Wapita njia huisoma. Sahihi yangu iko chini, na sitaki iondolewe.

Wiki ya sita hii napita lami. Natoka shuleni baada ya malori, nashuka na gia, napanda na gia ya tatu. Tangi nililokuwa nikilijaza kila mara sasa nalisahau. Njia ndefu imekuwa ndiyo yenye kubana matumizi, na hata matairi yamepumzika na mawe ya Gitambi. Uzi wangu wa zamani wa kuhubiri njia fupi nimewaomba wasimamizi waufute. Wasipoufuta, usomeni pamoja na huu.

Nililojifunza si la mafuta peke yake. Ramani ilinipa urefu, nikadhani imenipa njia. Hesabu ilinipa upungufu, nikadhani imenipa mwizi. Mara zote mbili alikuwapo mtu karibu yangu ambaye angenijibu kwa sentensi moja, na nilikuwa nikimpita kila siku nikimwamuru afungue geti. Kwa hiyo, mwenye gari, pima njia zako kwa tangi lililojazwa hadi shingoni, kwenye pampu ileile, magurudumu mahali palepale. Na kabla hujamtaja mtu kwa uovu, hakikisha walau unajua anaitwa nani.

Mwenye njia yake ya kila siku aliyoipima, aiweke hapa tulinganishe, hasa ninyi wa mikoa ya milima. Aliyewahi kumdhania mtu vibaya akapata bahati ya kuzuiwa mapema, asimulie pia. Na mwenye kunikemea asisite. Nitasoma yote, wala sitajibu kwa kalamu ile ya zamani.

Nafunga kwa maneno ya barua iliyo getini, nikiyanakili kama yalivyo:

"Mimi mwenye sahihi nathibitisha mbele ya majirani kwamba mafuta ya gari langu hayakuibwa na mtu. Yalimalizwa na mlima, na mwalimu asiyeuliza. Aliyenitoa kwenye kosa hilo, kwa subira ambayo sikuistahili, ni mlinzi wa kiwanja hiki, Tarsisi Bihoyiki."